Kiu ya Pombe Huanza Stejini

Kila pombe yenye sumu inapoua watu humu nchini, swali linaloulizwa matangani ni lile lile: "Kwani hawakuona wenzao wakifa?" Liliulizwa Novemba 2000, watu zaidi ya 120 walipofariki jijini Nairobi, hasa katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, baada ya kunywa pombe iitwayo kumi kumi iliyokuwa na methanoli. Liliulizwa Mei 2014, makumi ya watu walipokufa katika kaunti kadhaa za mashariki na za kati. Likarudi Februari 2024 katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu 17 walipoangamia. Anayeuliza huwa na uchungu wa kweli, nami simlaumu. Lakini swali lenyewe linachukulia kwamba mnywaji huamua kwa ile sehemu ya akili inayozijua habari za vifo. Kwa mtu aliyezama katika uraibu, sivyo. Kwa kutolielewa hilo, tumeikabili pombe kwa polisi na kwa mahubiri, huku dawa zinazogusa kiini cha hamu yenyewe zikiwa hadi leo si dawa za kawaida katika zahanati za Kangemi wala Kawangware.

Tuseme kuna fundi wa rangi anayeshinda akipaka ofisi katikati ya jiji na kulala Kangemi. Asubuhi alimwapia mkewe kwamba leo hanywi, na alimaanisha. Mchana kutwa hakuonja kitu. Jioni anapanda matatu ya 23, nauli mkononi, pesa za unga mfukoni. Gari linaposhuka Waiyaki Way, likipita Westlands, bado yuko salama. Anaposhuka stejini Kangemi anakutana na muziki wa baa ile ile, harufu ya mutura kwenye jiko la makaa, na duka la "wines and spirits" lenye wavu wa chuma mbele na chupa za robo zilizopangwa nyuma ya muuzaji. Mate yanamjaa. Moyo unamwenda mbio, viganja vinatoa jasho. Hakuna tone la pombe mwilini mwake, wala hajawaza neno lolote. Ila ndani ya ubongo wake, chini kabisa mahali ambapo viapo havifiki, seli zimekwisha kulipuka.

Seli hizo hutoa dopamini. Wengi wamesoma kwamba dopamini ni kemikali ya raha. Wazo hilo lilitokana na majaribio kama yale ya James Olds na Peter Milner kule Montreal, yaliyochapishwa mwaka 1954, ambapo panya alibonyeza kitufe tena na tena apate mshtuko mdogo wa umeme ndani ya ubongo wake. Ikadhaniwa panya anastarehe. Miongo kadhaa baadaye Wolfram Schultz, akiwa Fribourg huko Uswisi, aliingiza nyaya nyembamba mno katika ubongo wa kima ili asikilize seli za dopamini moja moja. Kima alipopewa tone la juisi bila kutarajia, seli zilifyatuka. Schultz akaanza kuwasha taa kabla ya kutoa juisi. Siku zilivyopita, seli zikawa zinafyatuka taa inapowaka, na juisi yenyewe ilipofika zilikaa kimya. Halafu akajaribu jambo la tatu: akawasha taa, asitoe juisi. Wakati ule ule ambao juisi ilitarajiwa, seli zilinyamaza hata chini ya kiwango chao cha kawaida. Mwaka 1997, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, alieleza kwamba dopamini ni kemikali ya kujifunza: huuambia ubongo kwamba kitu kizuri kiko karibu, na huulalamikia kisipotokea.

Steji ya Kangemi ndiyo taa ya fundi wetu. Akilipita lile duka bila kununua, seli zake hunyamaza kama zile za kima, naye huhisi amepunjwa, kama mtu aliyenyang'anywa haki yake barabarani. Ukimwona jioni hiyo amefika nyumbani mkavu lakini ana hasira na watoto, usifikiri ameipenda pombe kuliko wao. Kuna deni linadaiwa ndani ya kichwa chake, na anayelidai hasikii hoja.

Pombe inaizidi juisi kwa jambo moja. Juisi ikishazoeleka, dopamini huacha kuishangilia, na somo huishia hapo. Pombe haisubiri ubongo uamue kama ni tamu au si tamu. Huingia yenyewe na kuisukuma dopamini kwa njia ya kemikali. Huachilia endofini, ambazo ni afyuni ya mwili wenyewe, na endofini hizo huzituliza seli ambazo kazi yake ni kuizuia dopamini. Mwaka 2012 watafiti wa San Francisco waliochunguza ubongo wa wanywaji kwa picha maalumu waliona endofini zikimwagika pale pale kwenye kitovu cha tuzo baada ya mtu kunywa. Basi kila glasi huja na kengele yake ya "kumbuka hapa", na ubongo hauna siku ya kusema somo hili nimelihitimu. Miaka kumi ya jioni moja baada ya nyingine ni kengele maelfu, zote zikielekeza kwenye steji ile ile, muziki ule ule na marafiki wale wale.

Mnamo 1993 Terry Robinson na Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa hoja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo muhimu kuliko zote katika elimu ya uraibu. Kutaka na kufurahia, walisema, ni mifumo miwili tofauti ya ubongo, na uraibu hukuza wa kwanza huku wa pili ukidumaa. Mnywaji mkongwe hahitaji maabara kulijua hilo. Atakuambia mwenyewe, uso mkavu: "Siku hizi hata hainishiki." Ulevi haumpi kitu tena, na bado ataamka usiku kuutafuta. Jirani huisikia kauli hiyo na kuuliza, ikiwa haikushiki, mbona huachi? Ni swali la haki kwa mtu ambaye kutaka kwake na kufurahia kwake bado vinatembea pamoja. Kwa fundi wetu viliachana zamani.

Hadi hapa nimeeleza hamu ya mtu anayeweza kukaa siku nzima bila pombe na akabaki mzima. Kuna hatua ya pili, na ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa kuwa hapo ndipo makosa yetu kama taifa hugeuka vifo.

Pombe ikifika ubongoni hufanya kazi mbili kwa pamoja. Huizidishia nguvu gaba, kemikali inayozituliza seli za neva, na huvizima kwa kiasi vipokezi vya glutamati, kemikali inayoziamsha. Ndiyo maana mtu hulegea, hucheka ovyo, hujikwaa, na asubuhi hakumbuki alivyofika nyumbani. Ubongo haukubali kulazwa kila siku. Wiki kwa wiki hupunguza usikivu wa vipokezi vya gaba na kuongeza vile vya glutamati, hadi mtu anaweza kumaliza mzinga mzima na bado akasimama wima akihesabu chenji. Wenzake humsifu kwamba ana kichwa kigumu. Hali yake ni ya watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja nje na mwingine ndani, kila mmoja kwa nguvu zake zote, na mlango umetulia katikati yao. Kwa macho hakuna kinachosogea. Wa nje akiondoka ghafla, wa ndani hutoka mbio na kuanguka kifudifudi.

Huko kuanguka ndiko arosto. Saa 6 hadi 8 baada ya glasi ya mwisho, mikono huanza kutetemeka. Mtu huyo ukimpa chai asubuhi atakishika kikombe kwa mikono miwili, ainame akifuate kwa mdomo badala ya kukiinua, na bado chai itamwagikia kwenye sahani. Jasho linamtoka na hali ya hewa ni baridi ya Julai. Anatapika bila kuwa na kitu tumboni. Kisha atatoka akatoe lock: glasi moja ya chang'aa au kipimo kimoja cha spiriti ya bei rahisi, na dakika chache baadaye mkono ule ule unashika brashi ya rangi na kuchora mstari ulionyooka. Wapita njia humwona mtu anayelewa saa moja asubuhi. Yeye anajitibu, kwa dawa pekee anayoijua, ugonjwa ambao dawa hiyo hiyo ndiyo iliyouleta.

Asipotoa lock, wengi hutetemeka siku mbili tatu na kupona. Baadhi hupata degedege, mara nyingi ndani ya saa 48 za mwanzo. Wachache zaidi, kati ya siku ya pili na ya nne, hupotewa na akili: joto la mwili linapanda, mapigo ya moyo yanakwenda kasi, wanaona wadudu ukutani na kuwapigia kelele watu wasiokuwapo. Hali hiyo isipotibiwa huua. Nisisitize hapa, kwa kuwa watu wengi hawalijui: arosto ya heroini hutesa sana lakini ni nadra kuua mtu aliyekuwa na afya, arosto ya pombe ndiyo yenye kuua. Na familia nyingi, kwa nia njema kabisa, humfungia mlevi wao chumbani wikendi nzima ili "imtoke". Wengine humpeleka kwenye maombi ya kufunga bila chakula wala maji. Anapoanza kuona wadudu, husemwa amelogwa au mapepo yanatoka.

Sasa tazameni sera zetu kwa jicho hilo. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe ya kiwango cha chini isakwe na kumwagwa, na kwa siku kadhaa eneo la kati na viunga vya Nairobi vilishuhudia wabunge na wananchi wakivunja maghala. Hotuba na picha za siku zile zilijaa habari za lita zilizomwagwa. Habari za waliokuwa wamekatiwa ghafla kitu ambacho ubongo wao ulikuwa ukikitegemea kila baada ya saa chache hazikusikika kwa kiasi hicho. Siitetei ile pombe. Nyingi yake ilikuwa sumu. Ninasema tu kwamba agizo la kumwaga lilihitaji kuandamana na agizo la pili, la kupeleka dawa za arosto, diazepamu na vitamini B1, katika kila zahanati ya eneo hilo kabla ya lori la kwanza kufika.

Miaka mitano baadaye janga la korona lilileta jaribio kubwa zaidi. Baa zilifungwa Machi 2020, kafyu ikafuata, na mwezi huo huo Afrika Kusini ikapiga marufuku uuzaji wa pombe kabisa. Huko, majeruhi katika vyumba vya dharura walipungua waziwazi, na anayedai kwamba kupunguza pombe hakusaidii umma hana budi kuujibu ukweli huo. Lakini katika jimbo la Kerala nchini India, ambako maduka ya pombe yalifungwa ghafla, watu kadhaa walijiua ndani ya siku chache, hadi serikali ya jimbo ikataka walevi wauziwe pombe kwa cheti cha daktari. Mahakama Kuu ya huko ikasimamisha mpango huo, na madaktari wengi waliupinga vilevile, kwa sababu tiba ya arosto inajulikana na si pombe. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Marufuku huokoa watu wengi wasio waraibu, na humtia hatarini aliye mraibu asipopewa mkono wa daktari.

Sheria ninayoiona kuwa iliukaribia zaidi ubongo wa mnywaji, pengine bila kukusudia, ni ile ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya huiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho. Iliagiza baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, zifungwe saa tano usiku. Mlango wa baa uliofungwa mchana ni taa isiyowaka. Mtu ambaye hajafikia hatua ya kutetemeka asubuhi hupewa saa nyingi za mchana ambazo ubongo wake hauambiwi chochote. Ni kinga nzuri, ikitekelezwa. Tatizo ni yule aliyekwisha kufika kwenye kutetemeka: yeye hawezi kungoja saa kumi na moja, hivyo atakwenda kwa mama wa chang'aa, au kwenye lile duka linalouza kupitia mlango wa nyuma, na huko hakuna anayejua kilichomo ndani ya jerikeni.

Bei nayo ina somo lake. Mwaka 2004 bia ya Senator Keg iliingizwa sokoni na kupewa nafuu ya ushuru, kwa hoja kwamba mtu wa kipato kidogo apate bia salama badala ya chang'aa. Mwaka 2013 nafuu hiyo ilipunguzwa, mauzo yake yakaporomoka, na miaka miwili baadaye serikali ikairudisha. Ushuru wa juu hupunguza unywaji wa watu kwa jumla. Ushahidi wa hilo duniani ni mwingi na ninaukubali. Ila mraibu hanunui kwa kulinganisha bei na raha. Ananunua asitetemeke, na bia ikimpita uwezo atashuka ngazi hadi kwenye kitu chochote kilicho na ethanoli, au kinachonukia kama ethanoli.

Hapo ndipo methanoli humkuta. Ini huishughulikia methanoli kwa kimeng'enya kile kile kinachoshughulikia ethanoli, lakini hutoa asidi ya fomiki, ambayo huharibu mshipa wa macho na kuichafua damu. Kinachowapotosha wanywaji ni kwamba dalili huchelewa. Mtu hunywa jioni, akalala vizuri, kesho yake mchana akaanza kuona ukungu. Ikiwa alichanganya na ethanoli ya kawaida huchelewa zaidi, kwani ethanoli hukikalia kwanza kile kimeng'enya. Kwa hiyo ushahidi wa sumu haumfikii mnywaji siku anayokunywa. Kinachomfikia siku hiyo ni mkono uliotulia. Na kule Kangai mwaka 2024, kwa maelezo ya serikali yenyewe, pombe iliyoua ilikuwa imekwisha kunaswa katika msako na kuhifadhiwa kama kielelezo katika kituo cha polisi kabla ya kurudi mitaani. Msako ulikuwa umefanyika. Kiu ilikuwa bado ipo, na kilichonaswa kikairudia.

Tuseme fundi wetu amebahatika. Familia imechanga, amepelekwa kituo cha kurekebisha tabia nje ya jiji, amekaa siku zile 90 ambazo vituo vyetu vingi huzitoa. Arosto imepita chini ya uangalizi. Amenenepa, anacheka, anatoa ushuhuda. Anarudi nyumbani Ijumaa, na Jumapili amelewa. Familia inasema pesa zimepotea bure, au kwamba alikuwa anaigiza.

Mark Bouton wa Chuo Kikuu cha Vermont ametumia miaka mingi kuchunguza kwa nini jambo hili hutokea, na amelichunguza kwa panya, ambao hawana sababu ya kuigiza. Panya akifunzwa katika chumba kimoja kwamba mlio fulani huleta chakula, kisha akapelekwa chumba cha pili ambako mlio huo hauleti kitu, taratibu ataacha kuujali. Mrudishe chumba cha kwanza, na mlio ukisikika atairudia tabia yake ya zamani. Somo la kwanza halikufutika. Somo la pili liliandikwa kando yake, na liliandikwa pamoja na anwani ya chumba cha pili. Fundi wetu alijifunza kutokunywa kwenye bustani tulivu yenye miti, kengele ya chakula na mikutano ya saa nne asubuhi. Hakujifunza kutokunywa katika steji ya Kangemi, saa moja jioni, siku ya malipo. Kituo kinachomlea mtu siku 90 kisha kikamwachia getini bila mtu wa kutembea naye mtaani kwake kwa miezi kadhaa kinamfanyia nusu ya kazi, hata kama nusu hiyo kinaifanya vizuri.

Na miezi hiyo ni mizito. George Koob, ambaye mwaka 2014 alichukua uongozi wa taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa pombe, ameonyesha kwa muda mrefu jinsi unywaji wa kupindukia unavyoamsha kemikali za msongo wa mawazo katika sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, na jinsi zinavyobaki zimeamka muda mrefu baada ya pombe kuisha mwilini. Usingizi haukamiliki. Chakula hakina ladha, mpira hauna msisimko, mtoto akilia kidogo kelele inachoma. Wakati huo huo landilodi anadai kodi na mjengo hauna kibarua. Watu hulitafsiri jambo hili kuwa ukosefu wa shukrani: tumekutoa kwenye ulevi, mbona umenuna? Amenuna kwa sababu ubongo uliozoea kusukuma mlango kwa miaka haujajua bado kwamba hakuna anayeusukuma upande wa pili.

Dawa zipo, na hapa ndipo subira yangu na viongozi wetu inapoisha. Naltreksoni hufunga vipokezi vya endofini, hivyo mtu akinywa ile kengele hulia kwa sauti ndogo. Mwaka 1992 Joseph Volpicelli wa Philadelphia alichapisha matokeo ya wanaume 70 waliofuatiliwa kwa wiki 12: waliorudia ulevi walikuwa asilimia 23 kati ya waliopewa naltreksoni na asilimia 54 kati ya waliopewa kidonge kitupu. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa uraibu wa pombe mwaka 1994. Tafiti nyingi zilizofuata zilipunguza matumaini lakini hazikuyafuta. Kwa mapitio ya mwaka 2014, ukiwatibu watu wapatao 12, mmoja zaidi huepuka kurudia ulevi wa kupindukia. Si muujiza. Ni kiwango cha manufaa ambacho tunakikubali bila ubishi katika dawa nyingi za moyo. Akamprosati huituliza glutamati kwa aliyekwisha kuacha. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili katika orodha yake ya dawa muhimu.

Dawa ambayo familia nyingi zimewahi kuisikia ni disulfiramu, iliyotangazwa kuwa dawa ya ulevi na Wadenmaki mwaka 1948. Haipunguzi hamu hata chembe. Hulizuia ini kumalizia kuisaga pombe, ili anayekunywa ajisikie vibaya sana: uso mwekundu, moyo kwenda mbio, kutapika. Inamfaa aliyeikubali mwenyewe na ana mtu wa kumsimamia. Wapo wanaomtilia mume kwenye chai bila yeye kujua. Msifanye hivyo. Mtu asiyejua atakunywa kama kawaida yake, na akiwa na moyo dhaifu anaweza kufa mbele yenu.

Kidonge peke yake hakitoshi, na ushauri mzuri hauhitaji lazima daktari bingwa. Huko Eldoret, Rebecca Papas na wenzake waliwaandaa wahudumu wa kawaida, wasio wanasaikolojia, kuendesha vikao vya vikundi kwa wagonjwa wa VVU waliokuwa wakinywa. Katika vikao hivyo watu walijifunza kuzitambua taa zao: nani, wapi, saa ngapi, siku gani ya malipo. Matokeo ya washiriki 614, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha kwamba unywaji wao ulipungua kuliko wa wenzao waliopewa mafunzo ya afya ya kawaida. Huo ni ushahidi wa Kenya, uliopatikana kwa watu wetu na kwa bei tunayoiweza. Mbinu hiyo inaweza kuhamia zahanati yoyote ya Dagoretti wiki ijayo.

Utafiti wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Mkenya mmoja kati ya 20 wa umri wa miaka 15 hadi 65 ana uraibu wa pombe. Wenye uwezo huko Lavington na Westlands hupata kitanda katika hospitali ya kibinafsi, na cheti cha kazini kinaandikwa msongo wa mawazo. Wa Kawangware hupata jina la mlevi na, usiku mbaya, sakafu ya seli, ambako arosto humkuta bila mtu wa kumpima hata mapigo ya moyo. Kemikali zao ni zile zile. Karibu nusu ya hatari ya uraibu hurithiwa, na urithi huo hauulizi mtu anaishi upande gani wa Barabara ya James Gichuru. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2025 serikali ikazindua sera inayotaka umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21. Naiunga mkono, kwa kuwa sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kujizuia, huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Lakini sera hiyo inawalinda watakaokuja. Fundi wetu ana miaka 41.

Kwa hiyo, kwa aliye na mtu kama huyo nyumbani wiki hii: ikiwa hutetemeka asubuhi hadi apate glasi, asiache ghafla peke yake, na msimfungie. Mpelekeni hospitali kabla hajaacha, au mara tu akianza kutetemeka. Msipojua pa kuanzia, simu ya bure ya NACADA ni 1192. Akipata degedege, akichanganyikiwa au akianza kuona visivyokuwapo, hiyo ni dharura, hata kama ni saa nane usiku. Mwambieni daktari ukweli wa kiasi anachokunywa kwa siku, saa ya glasi ya mwisho, na kama aliwahi kupata degedege alipoacha zamani, maana kipimo cha diazepamu hutegemea majibu hayo. Na daktari akitaka kumtundikia maji ya glukosi, mkumbusheni kwa heshima kwamba mgonjwa amekuwa akinywa bila kula, ili apate sindano ya vitamini B1 kabla ya glukosi hiyo au pamoja nayo. Ubongo uliokosa vitamini hiyo ukipewa sukari peke yake unaweza kupoteza kumbukumbu kabisa, na zisirudi.